Ushahidi Usiofika Kitandani: Kiswahili na Huduma ya Wagonjwa Mahututi Kakamega

Wahenga walinena kwamba mgonjwa haulizwi uji. Mgonjwa waliyemwona akilini ni yule wa nyumbani, awezaye kukunja uso akiletewa bakuli au kuinua mkono kuomba jingine. Hawakumwona mgonjwa wa leo katika chumba cha wagonjwa mahututi: mpira wa kupumulia umepitishwa kooni, dawa za usingizi zimemfifisha fahamu, na mikono yake pengine imefungwa kando ya kitanda asije akaung'oa mpira huo. Huyu hawezi kuulizwa uji wala kuukataa. Hata hivyo uji anauhitaji. Miongozo ya kimataifa ya lishe inapendekeza kuwa mgonjwa wa aina hii, ikiwa mzunguko wake wa damu umetulia, aanze kulishwa kwa mrija uendao tumboni ndani ya saa 24 hadi 48 tangu alazwe. Jambo lenyewe si la siri, si ghali, wala halihitaji mtambo mpya. Lakini siku ya tatu huweza kupambazuka mrija ungali mtupu, kwa kuwa daktari alidhani muuguzi ameanza, muuguzi alingoja agizo la maandishi, na ndugu wa mgonjwa aliyekaa nje ya mlango tangu alfajiri hakuulizwa wala kuambiwa lolote.

Pengo hilo baina ya kinachojulikana na kinachotendwa aghalabu huelezwa kwa hoja mbili: uhaba wa fedha na uhaba wa mafunzo. Hoja zote mbili zina uzito. Ipo ya tatu, ambayo wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili, hususan walio Kakamega, hawana budi kuitazama kama kazi yao. Ushahidi wa kitabibu hufika hospitalini ukiwa maandishi marefu ya Kiingereza yaliyomkusudia msomaji mmoja, yaani daktari. Kazi ya kumwokoa mgonjwa mahututi, kwa upande wake, hufanywa na watu wengi kwa mazungumzo, usiku na mchana, na mazungumzo hayo mara nyingi si ya Kiingereza. Anayetaka utafiti ufike kitandani sharti ashughulikie mazungumzo hayo.

Kakamega ni mahali pafaapo kuanzia. Mji huu ulikuwa makao makuu ya Mkoa wa Magharibi hadi serikali za kaunti zilipoanza kazi mwaka 2013, na iliyokuwa hospitali kuu ya mkoa ikawa hospitali ya kaunti ya mafunzo na rufaa. Aliyezidiwa Butere, Malava au Shinyalu huelekezwa huko. Akihitaji zaidi, gari la wagonjwa hushika njia ya Kisumu au ya Eldoret. Mjini humo humo pana Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Masinde Muliro, kilichopewa hati yake mwaka 2007, ambacho hufundisha uuguzi, udaktari na Kiswahili. Ukaribu wa majengo, bila shaka, si ushirikiano.

Mgonjwa wa kwanza wa korona nchini Kenya alitangazwa tarehe 13 Machi 2020, na kuanzia siku hiyo mjadala wa taifa kuhusu wagonjwa mahututi ukawa hesabu ya vitanda na mashine. Hesabu iliyochapishwa na watafiti mwaka huo ilionyesha vitanda 537 vya wagonjwa mahututi nchini kote, na kaunti 22 tu kati ya 47 zilizokuwa na angalau chumba kimoja cha aina hiyo. Kilio cha kutaka vitanda zaidi kilikuwa cha haki. Kakamega nayo ilikuwa imeanza, chini ya gavana wake wa kwanza Wycliffe Oparanya, mradi wa hospitali ya vitanda 750, mradi ambao umezungumziwa kwa miaka mingi kuliko ilivyotarajiwa. Lakini kitanda hakimgeuzi mgonjwa ubavu, wala mashine ya kupumulia haijui iupe mwili hewa kiasi gani. Zaidi ya hayo, wengi wa wagonjwa mahututi hawamo kabisa katika chumba kilichopewa jina lao. Uchunguzi mkubwa uliochapishwa mwaka 2025, uliowahusisha wagonjwa wapatao 20,000 katika hospitali 180 za nchi 22 za Afrika, ulibaini kuwa mmoja kati ya kila wanane alikuwa mahututi, kwamba zaidi ya thuluthi mbili ya mahututi hao walikuwa katika wodi za kawaida, na kwamba zaidi ya nusu yao hawakuwa wakipata huduma za msingi walizozihitaji, kama vile oksijeni, maji ya mshipani na kufunguliwa njia ya hewa.

Labda jina nalo lina sehemu ya lawama. Wakenya husema "chumba cha wagonjwa mahututi", na jamaa walio nje ya mlango husema "aisiyu" kwa sauti ya chini, kama watajao kaburi. Watanzania hupenda kusema "chumba cha uangalizi maalumu". Jina la Kenya humtaja mgonjwa na ukubwa wa ugonjwa wake. La Tanzania hutaja kazi inayopaswa kufanywa. Mwanaisimu hatalichukulia hilo kuwa jambo dogo. Mahali palipopewa jina la uangalizi huweza kuhamishiwa wodi yoyote, kwa maana uangalizi ni tendo, si chumba.

Ushahidi wenyewe si mgumu kuelewa ukielezwa kwa lugha nyepesi. Mwaka 2000 watafiti wa Marekani walitoa matokeo ya jaribio lililohusu wagonjwa 861 ambao mapafu yao yalikuwa yameharibika vibaya. Nusu walipewa pumzi kubwa kama ilivyokuwa desturi, mililita 12 kwa kila kilo ya uzani. Nusu wakapewa pumzi ndogo ya mililita 6. Katika kundi la kwanza walifariki takribani 40 kati ya kila 100, na katika la pili 31. Uzani unaotumiwa hapo si wa mizani bali hukadiriwa kutokana na urefu na jinsia ya mgonjwa, kwa hiyo kifaa kinachotakiwa ni utepe wa kupimia, ule ule wa fundi cherehani. Mwaka 2008 likafuata jaribio lililoonyesha kuwa wagonjwa wanaosimamishiwa dawa za usingizi kila asubuhi na kujaribiwa kama waweza kupumua wenyewe huondoka kwenye mashine mapema, na wengi wao huwa hai mwaka mmoja baadaye. Mwaka 2013 utafiti uliofanywa Ufaransa na Uhispania ukathibitisha kuwa wenye mapafu yaliyodhurika zaidi hunufaika kwa kulazwa kifudifudi kwa saa nyingi za siku: vifo vilipungua kwa nusu, kutoka karibu 33 hadi 16 kati ya kila wagonjwa 100.

Kifudifudi. Neno hilo halikuhitaji kamati ya istilahi. Liko katika kinywa cha mama yeyote anayemwelekeza yaya namna ya kumlaza mtoto. Vivyo hivyo chali, ubavu, kitanga, kisogo, kikohozi, makohozi. Sehemu kubwa ya matendo yanayookoa maisha katika chumba hicho ni ya mikono na ya mwili, na lugha ya mwili Kiswahili inayo tele.

Dhana kwamba nchi tajiri hutekeleza kila kilichothibitishwa haina msingi. Uchunguzi wa nchi 50 uliochapishwa mwaka 2016 uligundua kuwa madaktari waliutambua ule ugonjwa wa mapafu kwa takribani wagonjwa 6 tu kati ya 10, na kwamba chini ya thuluthi mbili ya wagonjwa ndio waliopewa pumzi ndogo, miaka 16 baada ya ushahidi kutolewa. Madaktari hao walikuwa na maktaba, intaneti na mashine mpya. Walichokosa wengi wao ni mtu wa kusimama kando ya kitanda na kuuliza, "Je, huyu amepimwa urefu?"

Mfano unaotajwa sana wa kuziba pengo hili ni ule wa jimbo la Michigan. Vyumba 103 vya wagonjwa mahututi vilikubaliana kufuata mambo matano kila daktari anapoingiza mrija katika mshipa mkubwa wa damu: kunawa mikono, kuvaa na kutandaza vitambaa safi, kusafisha ngozi kwa dawa ifaayo, kuepuka mshipa wa paja, na kuuondoa mrija usiohitajika tena. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2006 yalionyesha kuwa kiwango cha kati cha maambukizi kilishuka kutoka 2.7 hadi sifuri kwa kila siku 1,000 za kutumia mirija. Wengi husimulia kisa hiki kama kisa cha karatasi yenye mistari mitano. Wanasahau kwamba muuguzi alipewa mamlaka ya kumzuia daktari aliyeruka hatua. Karatasi haikumzuia mtu. Aliyezuia ni mtu mwenye sauti iliyotambuliwa. Brazili ilifanya jaribio pana zaidi katika vyumba 118, kwa orodha ya ukaguzi, malengo ya kila siku na vikumbusho, na matokeo yake ya mwaka 2016 yalionyesha mabadiliko katika baadhi ya taratibu za huduma lakini vifo havikupungua. Kwa hiyo anayedhani kuwa kazi itakamilika kwa kuchapisha orodha ya Kiswahili na kuibandika ukutani Kakamega anajidanganya. Ukuta wa hospitali umebeba karatasi nyingi zisizosomwa na yeyote ila mjusi.

Kabla ya kuendelea, sharti liondolewe shaka moja. Kufuata ushahidi si kuiga kila kilichoandikwa ng'ambo. Mwaka 2011 Afrika Mashariki iliishangaza dunia ya tiba kwa utafiti uliofanywa Kenya, Uganda na Tanzania juu ya watoto zaidi ya 3,000 wenye homa kali na dalili za mzunguko hafifu wa damu. Miongoni mwa vituo vyake vilikuwemo Kilifi, Muheza na Mbale (Mbale ya Uganda, ng'ambo ya Mlima Elgon, si ile ya Vihiga). Desturi iliyofundishwa ulimwenguni ilikuwa kuwamiminia watoto hao maji mengi ya mshipani kwa haraka. Waliomiminiwa walifariki karibu 11 kati ya kila 100 katika saa 48 za mwanzo; wasiomiminiwa, 7. Ikadhaniwa kuwa ni habari ya watoto. Kisha mwaka 2017 yakachapishwa matokeo ya Lusaka, Zambia, kuhusu watu wazima zaidi ya 200, wengi wao wakiishi na virusi vya UKIMWI, waliokuwa na maambukizi yaliyosambaa mwilini na shinikizo la damu la chini. Waliotibiwa kwa utaratibu ulioiga ule wa nchi tajiri, wa kuwapa maji mengi mapema, walifariki 48 kati ya kila 100; waliopata huduma ya kawaida, 33.

Afisa wa kliniki au daktari kijana wa Kakamega aliyefunzwa kutoka kitabu cha nje kuwa maji mengi ndiyo tiba, asiposikia habari ya Mbale na Lusaka, huweza kumdhuru mgonjwa kwa nia njema kabisa. Na atasikiaje? Makala hizo zimechapishwa kwa Kiingereza katika majarida ya Marekani. Yapo mataifa ambayo wananchi wake hujua matokeo ya utafiti uliofanywa kwa miili ya watoto wao. Huku ni nadra hata mwandishi wa habari za afya kuyasimulia kwa lugha ya taifa.

Jinsi mabadiliko yanavyopatikana, Kenya yenyewe ina funzo lake. Kuanzia mwaka 2006 hospitali nane za wilaya zilishirikishwa katika jaribio la kuboresha huduma ya watoto waliolazwa. Nne zilipewa warsha ya siku moja na nusu pamoja na vitabu vya miongozo. Nne nyingine zilipewa mafunzo ya siku tano na nusu, fomu maalumu za kumpokea mgonjwa, mtu wa hospitali hiyo hiyo aliyepewa jukumu la kuwahimiza wenzake, ziara za mara kwa mara, na mrejesho wa ana kwa ana juu ya walivyofanya. Baada ya miezi 18, kundi la kwanza lilikuwa likitimiza kwa wastani kazi 65 kati ya kila 100 za kumchunguza mtoto anapolazwa. Kundi la pili, 94. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2011, na warsha ya siku moja na nusu ingali inapendwa.

Kwa upande wa watu wazima, chumba cha uangalizi maalumu cha hospitali ya chuo kikuu nchini Tanzania kilijaribu jambo la kawaida mno. Wauguzi walipewa viwango vya hatari vya mapigo ya moyo, upumuaji, shinikizo la damu, oksijeni na fahamu, na kwa kila kiwango wakaelekezwa hatua ya kuchukua mara moja. Hakukuwa na mtambo mpya. Matokeo ya mwaka 2015 hayakuonyesha kupungua kwa vifo vya wagonjwa wote kwa jumla, na ni haki kulisema hilo. Lakini kati ya waliopokewa wakiwa na shinikizo la damu la chini, vifo vilishuka kutoka 92 hadi 69 kati ya kila 100. Miaka sita baadaye, wataalamu 272 kutoka nchi 59 walikubaliana juu ya matendo 40 ya msingi ambayo kila hospitali duniani yapasa kuweza kumfanyia mgonjwa mahututi. Matendo hayo ni mepesi: kumweka mgonjwa katika mkao ufaao, kumpa oksijeni, kufyonza makohozi, kuwasiliana na wenzake juu ya hali yake.

Kuwasiliana. Hapa ndipo Kiswahili kinapoingia mlangoni, na mlango wenyewe ni kipimo cha fahamu kilichobuniwa Glasgow mwaka 1974. Sehemu yake moja hutegemea majibu ya mgonjwa akiulizwa jina, mahali alipo na wakati. Chukua mfano wa bibi wa Isukha mwenye umri wa miaka 70, aliyeletwa usiku akiwa na homa. Anaulizwa kwa Kiingereza, au kwa Kiswahili cha haraka cha mjini, mwezi huu ni upi. Ananyamaza, kisha anasema maneno ambayo muuguzi wa zamu, mzaliwa wa Machakos, hayatambui. Alama zake zinapunguzwa. Asubuhi daktari anasoma nambari iliyoandikwa na kuamua kuwa ubongo umeathirika. Pengine umeathirika kweli. Pengine bibi alikuwa akimwambia muuguzi, kwa Luisukha sanifu, kuwa ana kiu. Nambari haibebi kumbukumbu ya lugha iliyotumika kuipata, na ni ajabu kwamba fomu nyingi hazina hata nafasi ya kuiandika.

Tatizo hilo huzidi kina katika hali ambayo Waingereza na Wafaransa wana jina moja la kale la kitabibu kwayo, na Kiswahili kina majina mengi ya nyumbani. Ni ile hali ya akili kuvurugika ghafla kwa sababu ya ugonjwa wa mwili: mgonjwa hushindwa kumakinika, fikra zikapwaya, mara yumo mara hayumo. Huwapata wengi wa walio kwenye mashine za kupumulia, na utafiti umeihusisha na vifo vingi zaidi na kudhoofika kwa kumbukumbu kwa muda mrefu. Kiswahili husema mtu anaweweseka, anapayuka, ana maruweruwe. Maneno haya yote ni ya kelele na mahangaiko. Hali yenyewe, hata hivyo, ina sura mbili, na ile ya kimya ndiyo rahisi kupita bila kuonekana: mgonjwa amelala macho wazi, haombi kitu, hasumbui. Muuguzi aliyechoka humwita "ametulia". Familia humwona ana nafuu. Mwenye kovu usidhani kapoa, walisema wahenga, na hapa kovu lenyewe halionekani. Lugha iliyopo huwasaidia wahudumu kumtambua anayepiga kelele na kuwaficha anayenyamaza. Bila neno, au angalau kifungu cha maneno kinachozikusanya sura zote mbili, muuguzi hatalitaja katika makabidhiano ya zamu, na kisichotajwa hapo hakiingii zamu ya usiku.

Kipimo kinachotumika sana kuitambua hali hiyo kilichapishwa mwaka 2001. Mgonjwa husomewa mfululizo wa herufi kumi za Kiingereza na kutakiwa kuubana mkono wa muuguzi kila asikiapo herufi A. Mfasiri asiye makini ataziacha herufi zilivyo na kubadilisha maelezo tu. Mwanafunzi wa fonolojia ataona hatari papo hapo. Kwa mzungumzaji wa Kiswahili, "a" ni sauti iliyozagaa katika kila neno na imekalia miisho ya silabi nyingi, ka, ta, ma, sa. Herufi zikitamkwa kwa mtindo wa darasa la Kiswahili, mgonjwa mwenye akili timamu huweza kuubana mkono mahali pasipotakiwa. Zikitamkwa kwa Kiingereza, bibi asiyeingia darasani hatajua aombwalo. Kisha yapo maswali ya ndiyo au la, kama vile iwapo jiwe huelea majini au iwapo baharini kuna samaki. La jiwe litamfaa mtu yeyote wa Kakamega. La bahari pengine ligeuzwe kuwa la Ziwa Viktoria au la Mto Isiukhu, maana lengo ni kupima fikra, si jiografia. Kila badiliko la namna hiyo lahitaji kufasiriwa, kufasiriwa upya kurudi Kiingereza na mtu wa pili asiyeiona asili, kujaribiwa kwa wasio wagonjwa, na kulinganishwa na uamuzi wa daktari bingwa. Hiyo ni kazi ya tasnifu ya uzamili, na ni kazi ambayo idara ya uuguzi haiwezi kuifanya peke yake, wala idara ya Kiswahili.

Yapo mapingamizi. La kwanza husema lugha ya tiba ni Kiingereza na kuitafsiri ni kukaribisha makosa. Makosa yapo tayari; tofauti ni kwamba hayajaandikwa. Hakuna anayedai kuwa jina la dawa au kipimo chake kigeuzwe. Kinachodaiwa ni kuwa tendo lifanywalo na watu watano lisemwe katika lugha ambayo wote watano wanaimudu. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilitoa Kamusi ya Tiba mwanzoni mwa miaka ya 2000, kwa hiyo hakuna anayeanza na ukurasa mtupu. Katiba ya 2010 imekifanya Kiswahili lugha rasmi sambamba na Kiingereza, na Sheria ya Afya ya 2017 inamtaka mhudumu amweleze mgonjwa hali yake, pale inapowezekana, kwa lugha anayoielewa.

Pingamizi la pili ni la kweli zaidi: Kiswahili chenyewe si lugha ya kwanza ya bibi wa Isukha, wala ya mzee wa Wanga au wa Kabras. Jibu ni kwamba lugha hizi zina kazi tofauti kando ya kitanda kimoja. Mgonjwa aulizwe kwa lugha ya mamaye, na jamaa yake ndiye mkalimani wa kwanza; hii ni sababu moja zaidi ya kumwacha jamaa aingie badala ya kumfungia nje. Ushirikishwaji wa familia, hata hivyo, ni sehemu ya miongozo ya kisasa ya huduma hii wala si hisani ya mlinzi wa lango. Kiswahili ni lugha ya timu: ya daktari wa Nyeri, muuguzi wa Machakos, mfanya usafi wa Shinyalu na fundi wa oksijeni wa Bungoma. Mfanya usafi huyo ndiye anayejua kama sabuni imekwisha kwenye sinki.

La tatu ni la wauguzi wenyewe, na halina jibu la lugha. Muuguzi anayewatunza wagonjwa wengi kuliko uwezo wake hatakuwa na wasaa wa kumgeuza mtu kifudifudi hata akiambiwa kwa mashairi. Mwaka 2017 wauguzi wa Kenya walikaa mgomoni takribani miezi mitano, baada ya madaktari kugoma siku 100. Istilahi haziajiri mtu. Anayewapelekea wahudumu orodha ya Kiswahili bila kuunga mkono dai lao la kuongezewa wenzao atastahiki kupuuzwa. Lakini uchache wa watu ndio hasa unaofanya kila sentensi ya makabidhiano kuwa ghali: muuguzi mwenye dakika tatu za kumkabidhi mwenzake mgonjwa hana nafasi ya kutafuta neno.

Kwa Kakamega, basi, hatua ya kwanza yaweza kuwa ndogo. Wanafunzi wawili wa Kiswahili na wawili wa uuguzi, kwa idhini ya kamati ya maadili na ya hospitali, waketi katika makabidhiano ya zamu kwa mwezi mmoja, asubuhi na jioni, waandike maneno halisi yanayotumika bila kuyasahihisha. Wahesabu ni mara ngapi lishe ilitajwa, na kwa maneno gani. Ni mara ngapi mtu alisema mgonjwa "ametulia" na alimaanisha nini. Ni nani aliyenyamaza wakati wote. Kutokana na maneno hayo, wala si kutokana na kamusi, itungwe orodha ya kurasa isiyozidi moja, isomwe kwa sauti kando ya kila kitanda na muuguzi, si daktari, na irekebishwe kila juma na wale wanaoisoma. Matokeo yake yapimwe kwa mambo yanayohesabika: saa ya kuanza kulishwa, waliopimwa urefu, asubuhi ambazo dawa za usingizi zilisimamishwa. Na kuhusu ile hali ya akili kuvurugika, kabla wataalamu wa istilahi hawajachagua baina ya kuweweseka na maruweruwe, waulizwe kwanza wauguzi wa zamu ya usiku humwitaje mgonjwa ambaye macho yake yako wazi na hayupo.